Nilisema Ukinzani

Mjomba wangu hakuja kumzika dada yake. Naanza na hilo kwa sababu kila nilichokifanya baadaye, kusoma, kusafiri, kurudi, na ule unga mweusi nilioupika kwenye matanuri ya watu kwa miaka, nilikifanya huku hilo limenikwama kooni. Watu huniambia nisamehe. Huwaitikia kwa adabu, nawatilia chai, na sisamehe.

Mama alikuwa mfinyanzi, kwetu Gando, Pemba. Vyungu na mitungi alifinyanga kama wenzake, lakini kilichowaleta watu mlangoni petu kilikuwa vyetezo vya kufukizia ubani. Chetezo cha mama kilikuwa chekundu, chembamba shingoni, na kiling'aa bila ya kupakwa rangi yoyote. Siri ilikuwa kusugua. Alikuwa na kauri moja ya pwani, simbi laini aliyoachiwa na mamake, na kabla udongo haujakauka sawasawa alikaa nayo kizingitini akisugua polepole, upande mmoja, akirudia palepale. Nikimsaidia kwa pupa alinipiga kofi la mkono. "Usiukwaruze," akisema. "Ulaze, mwanangu. Udongo walazwa." Hapakuwa na harusi, maulidi wala maiti upande wetu isiyofukizwa kwa chetezo chake.

Baba alikwishafariki. Alikuwa dereva wa lori la karafuu, na alituachia vitu viwili vya kuonekana: jeki ya lori iliyokaa chini ya kitanda, na kalenda ya chama chake iliyoning'inia ukutani mkabala na mlango. Mwaka baba alipokufa chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo kalenda ile haikumshughulisha mtu. Kisha vikaja vyama vingi. Kijiji kizima kikahamia chama kipya, cha upinzani, na mwenyekiti wa tawi akawa mjomba, mdogo wake mama wa tumbo moja. Mama hakuhama, wala hakupiga kelele za kubaki. Alikataa tu kuitungua kalenda. "Hii kaitungika mume wangu," alisema, "na mie simo kwenye siasa zenu." Hapo ndipo alipokosea, maana Pemba ya mwaka ule haikuwa na mtu asiyekuwamo.

Aliyeishi kwetu miaka ile hahitaji kuelezwa kususiwa ni nini. Hupigwi, hutukanwi. Unatoa salamu, watu wanaangalia minazi. Duka lako halinunuliwi, mchele wako wa harusi hauliwi, na ukifa jeneza lako ni mzigo wa uliowaacha. Mjomba alikaa barazani kwake, palipojaa wanaume, akasema maneno ambayo yalinifikia kabla ya jioni: "Nyumba ya kalenda asende ntu. Na chetezo chakwe asifukize ntu." Wa kwanza kutii alikuwa yeye mwenyewe, ambaye mama alimlea mgongoni.

Vyetezo vikajaa uvunguni, pamoja na jeki. Mama aliendelea kuvifinyanga. Nilimuuliza anamfinyangia nani, akanijibu kuwa mikono haina chama, na akacheka, lakini alikuwa amekonda. Kifua kilimbana msimu wa mvua na hakikumwachia.

Alikufa alfajiri ya Ijumaa. Nilikuwa binti wa sekondari, sina kaka, sina baba. Kutoka kwetu hadi kwa mjomba ni karibu kiasi kwamba redio yake tulikuwa tukiisikia, na asubuhi ile niliisikia ikifunguliwa na kusoma taarifa ya habari kama kawaida. Kwa hiyo habari zilimfika, maana nami nilikwishalia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kumwosha mama tulikuwa mimi na bibi mmoja jirani, mzee mno, aliyesema kuwa umri wake umeshamsusia dunia, hana wa kumwogopa. Ubani tuliufukiza kwa chetezo tulichokitoa uvunguni.

Tulimngoja mjomba. Ndiye maharimu wake pekee, ndiye aliyetakiwa kushuka kaburini kumpokea dadake na kumlaza. Imamu alingoja, dereva rafiki wa marehemu baba aliyetoka Mtambile na wenzake wachache alingoja, na mimi nilisimama mlangoni na buibui langu nikiangalia njia mpaka watu wakarudi kutoka msikitini na kupita kwa upande mwingine. Hakuja. Aliyeshuka kaburini alikuwa dereva, mtu baki. Nilipoambiwa hivyo nilikwenda chumbani, nikaifunga kauri ya mama kwenye pindo la kanga, na nikaapa kuwa mjomba atakuja kukaa mahali ambapo kila mtu atamwona na hakuna atakayemkaribia. Sikujua nitafanyaje. Niliapa hivyo hivyo.

Chuki ni mafuta mazuri ya taa ya kusomea. Nilipasi, nikapasi tena, nikapelekwa kusoma nchi ya baridi, na huko nikaingizwa kwenye chumba cha matanuri kufanya kazi ya kauri. Nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza nilidhani nitafinyanga vikombe. Kumbe ni kauri nyeusi, ya bismathi, kalisi, shaba na nyinginezo, ambayo ikipozwa baridi kali inapitisha umeme bila ya kuukwamisha hata chembe. Waya wa kawaida huuzuia umeme, ndiyo maana hupata moto. Kuzuia huko, kwa vitabu vyetu vya fizikia, kunaitwa ukinzani. Kauri hii ikipoa, ukinzani unakwisha kabisa. Naomba neno hilo lishikwe, maana ndilo lililonilipia deni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha, na niliipenda. Unaponda unga, unauchoma, unauponda tena, unauchoma tena, kisha unaubana kuwa tembe kama biskuti nyeusi. Ukiishia hapo una kauri, lakini ovyo. Ndani yake chembe ni bapa, vijigamba vidogo, na kila kijigamba kimeelekea kwake. Umeme ukifika unapotea njia. Basi unaitia tembe tanurini, unaipandisha joto mpaka inakaribia kuyeyuka na haijayeyuka, na hapo, ndani ya moto, unaikandamiza kwa jeki kutoka juu. Haraka haifai. Ukikandamiza ingali baridi inapasuka. Ukikandamiza ikiwa imelegea kwa joto, vijigamba vinateleza, vinageuka, vinalala kifudifudi vyote upande mmoja, na tembe inatanuka na kuwa nyembamba. Kisha unaipoza taratibu, usiku na mchana, huku mkono unakuwasha kuifungua.

Niliuita mlazo, kwa lugha ya mama, na mwalimu wangu, bibi wa kizungu mwenye vidole vilivyoungua, akalipenda neno na kulisema kwa matamshi yake mabovu. Tembe zangu zililala vizuri kupita za wenzangu. Aliniuliza nina siri gani. Sikuwa na siri ya kumwambia. Kila nilipokaza jeki nilimwona mjomba chini yake, amevaa kanzu yake nyeupe na kofia ya kiua, na sikuwa na haraka naye hata kidogo. Nilimbana kidogo, nikasubiri alegee, nikambana tena. Wenzangu walikuwa wakisikiliza muziki; mimi nilijiburudisha hivyo.

Siku moja nikasikia kwamba wakubwa wa vyama wamepatana. Waliokuwa hawapeani mikono wamepeana mbele ya kamera, na huku kwetu watu wameambiwa nao wapatane. Nilipigiwa simu kwa furaha: mambo yamekwisha, rudi nyumbani. Niliikata simu kwa hasira. Yamekwisha kwa nani? Nani alikwenda kaburini kwa mama kumwambia kuwa yamekwisha? Walisusa kwa amri na walipatana kwa amri, na katikati hakuna aliyesema samahani.

Nilirudi. Nilipewa kazi ya kufundisha fizikia kwenye skuli ya upande wetu, na nilikuja na tembe moja, niliyoilaza vizuri kuliko zote, nimeizungushia pamba ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nyumba nilikuta imesimama. Niliifungua, nikafagia, na kalenda ya baba, iliyokuwa imeliwa na mende hata haisomeki, nikaiacha palepale.

Mjomba alikuja siku ya pili. Alikuwa amezeeka, lakini sauti ilikuwa ileile ya barazani. "Mwanangu kaja!" alisema. "Damu yangu! Mungu mkubwa." Alinyoosha mkono. Nilimpa mkono, nikamwambia shikamoo, nikamtilia chai. Aliinywa akiwa ameipa mgongo kalenda. Jina la mama hakulitaja hata mara moja, na mimi sikumsaidia kulitaja.

Skuli yetu ilikuwa ikifungua chumba cha maabara, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, msiniulize, alikuwa yeye. Akatangaza kila pembe kwamba mpwa wake ataonesha kitu kinachoelea hewani bila ya kushikwa. Watu Pemba hawahitaji kuitwa mara mbili kwa jambo kama hilo. Nilikwenda kwa mtaalamu wa mifugo, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu zinazohifadhiwa kwenye chupa kubwa ya naitrojeni ya maji, yenye baridi kali, nikamwomba anigawie kidogo ya kupozea tembe. Alinitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama nataka kupandisha ng'ombe au waalimu. Akanigawia. Kibakuli cha kupozea nilikikata kutoka kwenye kasha la kuhifadhia samaki.

Mpango wangu ulikuwa mdogo. Nilitaka kusema, mbele ya watu wote, nani alinifundisha kulaza udongo, na nani alisusa kumlaza yeye. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu miaka kadhaa, na nilikuwa nikiyasema kimoyomoyo nilipokuwa napanda jukwaani.

Mjomba alitangulia kusema. Alisimama na kanzu yake, akanishika bega kwa umiliki, na kwenye spika iliyokuwa ikikoroma akasema: "Huyu ni wangu. Kakulia mikononi mwangu." Ukumbi ukapiga makofi. Akakaa kiti cha mbele kabisa, akakunja nne.

Nikamimina naitrojeni. Moshi mweupe ukamwagika mezani, watoto wakapiga kelele, akinamama wakasoma walichokisoma. Nikaiweka sumaku, ndogo kama punje ya kunde, juu ya tembe iliyopoa, nikaachia. Ikaelea. Niliisukuma kwa kijiti ikazunguka peke yake hewani, na kwa muda mfupi nilimsahau hata mjomba. Kisha nikaikamata maiki kueleza. Nilisema: "Kwenye waya, umeme hukuta ukinzani. Lakini kauri hii, ukiibana vizuri na ukaipoza vizuri, ukinzani unakufa. Hauna nguvu tena hata kidogo."

Spika ikakoroma palepale nilipolisema neno. Mtu wa nyuma akasimama. "Kasema nini? Upinzani umekufa?"

"Ndo alivyosema. Ukibanwa na ukapozwa, wafa!"

"Upinzani haufi Pemba!" akapiga kelele mwingine, na viti vikaanza kulia sakafuni. "Tumeitwa hapa kuja kutukanwa?"

"Si yule binti wa nyumba ya kalenda? Mlitarajia nini?"

Nilikuwa na maiki mkononi. Nilikuwa na uwezo wa kusema neno moja, jamani, ukinzani, kwa herufi k, neno la darasa la fizikia, na wangecheka na kukaa chini. Mwalimu mkuu alikuwa akinionesha kwa mikono kwamba niseme. Niliyatazama yale mabega yanayogeuka, migongo ile ile iliyopita upande mwingine siku ya mama, na nikaona kwamba wote, kabla ya kutoka, wanamtazama mjomba. Wanamsubiri mwenyekiti wao ainuke awaongoze, kama alivyowaongoza zamani. Yale maneno niliyoyapanga kwa miaka hayakuwa na kazi tena, maana nisingeweza kumpangia adhabu nzuri kuliko hii: ainuke anikane, au akae asusiwe. Nikaiweka maiki mezani.

Mjomba alinitazama. Alinitazama muda mrefu, mguu umeshuka, mikono juu ya magoti. Nilijua atainuka. Hakuinuka. Watu walipita pande zote mbili za kiti chake, mmoja baada ya mwingine, wengine wakimtemea neno, na yeye alikaa mpaka ukumbi ukawa viti vitupu na kanzu moja mbele. Mezani naitrojeni ilikwisha, tembe ikapata joto, na sumaku ikatua.

Waliosema wamepatana walisusa upya kwa raha zao. Walisema amenunuliwa, walisema damu imemrudia, walisema alikuwa wa nyumba ya kalenda tangu zamani. Aliyepatikana wa kususiwa safari hii alikuwa yeye. Uwenyekiti wa tawi alivuliwa. Dukani kwake, pale pale barazani, sukari iliganda, mikate ilikauka, na salamu zake zilijibiwa na minazi. Mimi nilistawi. Mchana kweupe, wakati njia ina watu, nilikuwa nikienda dukani kwake kununua kibiriti, nikimsalimu kwa sauti ya kufika msikitini: "Shikamoo mjomba wangu!" Kila aliyenisikia alizidi kumkimbia. Yeye aliitikia marahaba, akanipa kibiriti na kunishukuru. Nyumbani kwangu vilijaa vibiriti. Sitaki mtu adhani nilijuta, maana nilikuwa nikirudi njiani nikiimba.

Kisha mkewe akafa. Mkazamjomba alikuwa mtu wa kimya ambaye siku ya mama naye alibaki ndani. Wanawe walikuwa Maskati, na hapakuwa na safari ya kuwawahisha. Nilisikia mjomba akilia. Redio haikufunguliwa. Nilisimama kizingitini kwetu, nikangoja kuona nani atapita kuelekea kwake, na nikaona njia nyeupe, haina mtu.

Nilikwenda. Kama kuna mtu anadhani nilikwenda kwa huruma, basi sijaandika vizuri. Niliingia uvunguni, nikatoa chetezo cha mwisho mama alichokisugua, nikakifuta vumbi kwa kanga, nikachukua ubani na makaa, nikapita katikati ya njia bila haraka. Yule bibi jirani alikuwa hai bado, kipande cha mtu; alinifuata na mkongojo wake. Tukamwosha mkazamjomba, sisi wawili tena, kwa mikono ileile. Tulimwosha vizuri. Yeye sikuwa na ugomvi naye mkubwa.

Tulipokwisha nilikwenda ukumbini, ambamo mjomba alikaa peke yake juu ya mkeka, akingoja wanaume ambao hawakuwa wakija. Nikakiweka chetezo mbele yake, karibu kabisa, nikatia ubani. Ulipanda mwembamba kupita shingo ya chetezo, ukamfika usoni. Alikitazama. Akanyoosha kidole, akapapasa pale udongo ulipong'aa.

"Hichi cha dada," alisema.

"Hicho ndicho, mjomba."

Akaurudisha mkono gotini. Kisha akasema, bila ya kuniangalia: "Siku ile skuli, mie nilisikia vizuri. Ulisema ukinzani. Nilikaa nikikungoja uwambie watu."

Sikushtuka. Labda nililijua hilo tangu aliponitazama. Nikamwambia: "Na mie nilikungoja, mjomba. Nilisimama mlangoni na maiti ndani, nikakungoja mpaka watu wakatoka kusali."

Machozi yalimteremka mpaka ndevuni. Hakuyafuta. Nje niliwasikia imamu na watu wawili watatu wakibisha hodi, na dereva mzee wa Mtambile miongoni mwao, mtu yuleyule. Mjomba alijaribu kuinuka kuwapokea na moshi ukamfuata.

"Kiondoe, mwanangu," alisema. "Nakuomba. Kiondoe hichi."

"Ubani haujesha," nikamwambia, na nikaongeza kaa.